Ugali wa Kuagana

Juzi nilikaa kwenye benchi la zahanati moja mtaa wa Majengo, karibu na mama mnene aliyekuwa anasubiri kwenda Dar kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Nesi akampandisha kwenye mizani, akaisoma.

"Mama, umeongezeka kilo nne. Daktari alisema upungue kwanza."

"Tarehe imeahirishwa mara tatu, mwanangu. Kila mara ndugu zangu wa Milanzi wanakuja kuniaga na kuku na ugali wa ulezi." Akaitazama barabara. "Zamani nilipita hapa na debe la ulezi kichwani, kwa mwendo wa karibu kukimbia."

"Safari hii usiwaambie."

Mama akaifunga upya kanga yake. "Na nisiporudi, nitakuwa nimeondoka bila kuagwa."

Bibi yangu naye hakuruhusu mtu asafiri bila kula. Nikajifanya nasoma tangazo ukutani, nesi asije akaniomba nimuunge mkono.