Mafiga Ndani ya Gunia

Mume wangu Kiilu alipobomoa jiko langu mwaka wa 1979 hakuniuliza. Niliamka nikakuta mafundi wanagonga ukuta wa udongo niliousiriba kwa mikono yangu, tulipohamia hapa Kariobangi na ploti yenyewe ikiwa magugu na matope. Sasa alitaka vyumba vya mawe. Kimoja, alisema, kitakuwa changu. Mtaa mzima ulijua ni cha nani: cha Koki, msichana wa hoteli moja ya Machakos ambako Kiilu alikuwa akilala katika safari zake za lori.

Koki sikumwogopa. Kwetu Ukambani mke hatolewi hivi hivi. Mwanamume akiyatupa nje mafiga ya mkewe, yale mawe matatu ya kupikia, amemfukuza, na wazee wa ukoo watamlazimisha ampe mahali pa kukaa. Lakini mke akiyatoa mwenyewe, ameondoka kwa hiari, na haondoki na kitu. Nilijua Kiilu hangethubutu kuyagusa mafiga yangu.

Kifusi kikajaa ua.

"Mama Wayua," Kiilu akaniambia, "jirani yetu Wacera anataka kifusi cha kujaza mlangoni kwake. Mimi nitatia kwenye magunia, wewe ubebe."

Mwanamume ambaye hakuwahi kunisogezea hata debe la maji, leo ameshika sepetu! Nikadhani roho inamsuta. Akajaza, akafunga midomo ya magunia kwa kamba ya katani. Nikayabeba mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, vumbi la udongo likinichoma macho.

"We Nthoki, umegeuka punda?" Wacera alinicheka. "Bwana anajengea bibi arusi, nawe unamsafishia njia!"

"Funga domo upokee kifusi chako."

Javan, fundi wake, alikuwa akimwaga na kushindilia. Alipofungua gunia moja akasita.

"Mama, na haya? Yana masizi."

Nikainama. Yalikuwa mafiga yangu, yote matatu. Asubuhi nilikuwa nimeyaacha kwenye pembe ya ua, yamefunikwa kwa karai.

Niliyarudisha ndani ya gunia, nikayabeba mbio mbio, jasho likinitiririka. Nyumbani nikamkuta Mativo, kaka mkubwa wa Kiilu, na wazee wawili wa ukoo, wamekalia viti vyangu. Watu hao hawakutoka Machakos siku ile kwa bahati.

"Mnaona?" Kiilu alisema. "Sikumfukuza mtu. Majirani wote wamemwona akiyatoa."

"Uliyatia wewe! Ukafunga gunia!"

Mativo akanitazama kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Shemeji, nani aliyebeba?"

"Mimi, lakini..."

"Kwa mgongo wa nani?"

"Wangu."

Akatema ugoro wake, akafuta midomo. Wenzake wakatikisa vichwa kama watu waliochoka na safari. Hakuna aliyetaka kujua nani alifunga ile kamba. Binti yangu Wayua alikuwa kwa mumewe Kitui, na mtoto wa kiume sikujaliwa, nani angenisemea?

Nikayatua mawe pale pale miguuni pao.

"Kuna kifusi kimebaki mlangoni," Kiilu akasema. "Kimalize kabla hujaenda."

Nilikikanyaga nikapita, bila kitu ila leso niliyokuwa nimevaa.