Basili Aliomba Ruhusa Kwanza

Marieta alikuwa akipepeta maharage uani kwake, Endagikot, Modest, rafiki wa mdogo wake Basili, alipoingia bila kusalimu. Kijana huyo hakuwahi kumpita bila shikamoo. Marieta akaweka ungo chini.

"Ni Basili?"

"Ni Basili, dada. Pikipiki imeanguka kwenye mteremko wa Yaeda Chini. Mungu amemchukua."

Mdogo wake alikuwa akiwapelekea wafugaji picha alizowapiga. Aliamini picha ya mtu lazima imfikie mwenyewe.

Kazi ya kupiga picha Basili hakufundishwa na mtu. Baba yao alipozikwa, mpiga picha wa kukodi alikanyaga udongo wa kaburi, akamwinua mama kidevu ili machozi yaonekane vizuri. Tangu siku ile mama hakutaka kamera msibani. Basili, wakati huo kidato cha nne, akasema lazima ipo namna nyingine. Akawa anapanda kilimani penye mtandao, anapakua masomo ya bure ya waandishi wa habari, kisha anakaa na kamusi kuyachambua. Matumizi ya mwanga alijifunza kwa kupiga picha mayai, dirishani.

"Yai nalo unalipiga picha?" mama alimcheka. "Haya, leo tutakula picha."

"Yai halichoki kukaa, mama. Wewe unachoka."

Somo alilolishika kuliko yote ni kuomba ruhusa. Ndilo alilomwanzishia Rahel, binti wa jirani, alipotaka kujifunza.

Siku ya maziko Marieta alitamani picha moja tu ya mdogo wake akiagwa, ila hakuthubutu kumwambia mama. Katekista alipomaliza sala, Rahel akasogea, kamera ameifunika kwa khanga, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Naomba ruhusa nipige picha tukimuaga Basili. Ukikataa, nitaendelea kusali na wenzangu."

"Marahaba." Mama akamtazama. "Yeye ndiye aliyekufundisha kuuliza?"

"Ndiye, mama."

"Basi piga. Udongo usiukanyage."

Rahel akasimama mbali na udongo, akapiga moja. Mama hakuficha uso.

Wanaume wakashusha jeneza. Mama akatupa konzi ya udongo, kisha Marieta, kisha Modest. Kaburi likafukiwa, msalaba ukasimikwa, wimbo ukaimbwa mpaka mwisho. Marieta akamshika mama mkono, wakarudi nyumbani.