Emérence na Arusi ya Simu Nyingi

Emérence alijifunza kazi ya montaji, yaani kukata na kuunga picha za video, pale Butembo, katika studio ya papa Mathe, enzi ambazo arusi zote za mtaa zilikuwa bado kwenye kaseti. Mathe alikuwa na mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, moja ya kuchezesha kaseti na nyingine ya kurekodi, na Emérence alikaa kati yao vidole vikiwa tayari juu ya vitufe. Akichelewa kidogo tu kubonyeza, padri anakatwa katikati ya baraka na kazi inaanza upya. Baadaye ikaja kompyuta, iliyotaka jenereta ingurume mchana kutwa. Kisha simu zikaingia kila nyumba, wateja wakapungua, Mathe akafunga studio na kurudi kwenye shamba lake la viazi.

Wakati huo Emérence alikuwa ameolewa na mwalimu Kasonia na kuhamia Beni, upande wa Mavivi. Aliamini ile kazi imekwisha. Lakini alipojifungua mtoto wa pili kwa kupasuliwa, muganga wa hospitali alimkataza kubeba mizigo ya sokoni, akabaki nyumbani. Kasonia alimnunulia simu nzuri zaidi ili asichoke na upweke. Ndani yake Emérence akakuta programu ya montaji. Akaijaribu kwa ubatizo wa mwanawe, mtoto akiwa amelala mapajani, na kidole gumba kimoja kikafanya yale yaliyokuwa yakihitaji mashine mbili na mikono yote. Alicheka peke yake.

Majirani waliuona ubatizo ule, wakasimuliana. Ndipo mama Antoinette, muuza mafuta ya mawese aliyekimbia vita Kalunguta, akamwomba apige picha na kutengeneza filamu ya arusi ya binti yake, Aurélie.

Arusi ilikwenda vizuri. Balaa lilikuja kesho yake. Simu ilikuwa imejaa, na Emérence akafuta video alizodhani amekwisha kuzihamishia kwenye kompyuta ya Kasonia. Alipofungua kompyuta, akakuta misa peke yake. Sherehe yote, ngoma, zawadi, maneno ya wazazi, hakuna. Akampigia Mathe.

"Papa Mathe, minafuta feti yote ya batu!"

"Zamani kamera ilikuwa moja tu mu feti," Mathe akasema. "Ukipoteza, inaisha. Mais sasa? Angalia tena ile video ya kanisa. Batu banashika nini mu mikono?"

Emérence akaangalia. Nyuma ya bibi arusi, kila benchi, simu zilikuwa juu. Siku ile alikuwa amezinung'unikia kwa kumzibia asione vizuri.

Akajitanda kikwembe chake cha kitenge, akaenda kwa mama Antoinette na kumweleza yote bila kuficha. Antoinette alishika mudomo, akakaa kwenye kiti. Kisha akasimama.

"Donc tuende tuombe," akasema. "Hii famille iko na simu mingi."

Wakazunguka pamoja nyumba kwa nyumba. Waimbaji wa kwaya walikuwa na video za ngoma, mjomba mmoja maneno ya wazazi, na shangazi mmoja zawadi, ingawa nusu ya video yake ilionyesha miguu yake mwenyewe. Jirani yao Valère, mwanajeshi aliyetumwa kutoka Kasaï, alikuwa amemrekodi bibi mzee, nyanya wa Aurélie, akicheza, tangu alipoinuka kitini mpaka alipoketi. Wakati huo Emérence alikuwa amekwenda kunyonyesha, hakuona kitu.

"Nilikuwa namtumia mama yangu video kule Kananga," Valère akasema, kama anayeomba radhi. "Aone namna batu ba huku banacheza."

Emérence alirudi nyumbani, akazipanga video zile simuni akiwa ameketi pembeni ya kitanda. Nyingine zilikuwa za wima, nyingine za ulalo, nyingine gizagiza. Akachukua sauti huku na picha kule, jambo ambalo mashine za Mathe zisingeliweza kamwe.

Jumapili familia ilikusanyika mbele ya televisheni ya Antoinette. Bibi alipojiona anacheza, alishangilia kuliko wote na kuomba irudiwe. Antoinette akamshika Emérence mikono miwili, akamshukuru kwa Kinande.

"Wasingya, mama. Wasingya kutsibu."

Emérence ndiye aliyekosea, na bado watu walikuwa wamemfungulia milango na simu zao.

Jioni Mathe, aliyekuwa ametumiwa filamu, akapiga simu. "Pale bibi anaingia na ngoma, ulikata kwenye fasi yake kabisa, pale penyewe," akasema. "Hata mimi singefanya vile."

"Ni wewe njo ulinifundisha, papa. Aksanti."

Mpaka leo Emérence anafanya montaji nyumbani, watoto wakicheza miguuni pake. Kabla ya kuanza arusi yoyote, anaomba kwanza video za wageni, na mwishoni mwa filamu anaandika majina yao yote.