Kipande cha Ishirini na Sita

Meza yetu ilikuwa ya wanawake sita, kwenye ghala moja la Kawangware. Kazi ilikuwa kupanga sabuni za kufulia kwenye katoni. Vipande ishirini na vitano, tepu, katoni nyingine. Kampuni ilikuwa ya watu wa ng'ambo ambao hatukuwahi kuwaona. Nilianza baada ya darasa la nane, nilipojua kwamba shule imeishia hapo.

Mimi si mwongeaji. Mkuu wa meza alikuwa mama mmoja wa Kitui tuliyemwita Mathe. Alinikalisha kando yake kwa sababu, alisema, ningekubali kukaa na njaa siku nzima kuliko kuuliza saa ya chakula.

Wenye maduka wa Kawangware na Makina hawapokei katoni bila nyongeza. Kwa hivyo kila katoni tuliilazia kipande cha ishirini na sita juu, kabla ya tepu. Meneja wa zamani alijua, na nadhani ni yeye aliyeanzisha. Hakuna mahali palipoandikwa.

Halafu tukaambiwa mipaka imefunguka. Sabuni ya hapa ingeuzwa Uganda bila ushuru, mradi karatasi zake ziwe sawa. Wenye kampuni wakaona hakuna haja ya kuweka meneja kila nchi. Wakaweka mmoja wa nchi tatu, Mtanzania. Wiki moja alikuwa kwetu, wiki mbili tulimwona kwenye simu ya msimamizi, uso umejaa kioo chote.

"Habari za asubuhi, ndugu zangu," alisema siku ya kwanza. "Naomba leo tuanze na katoni za Uganda, tafadhali."

Alipotoka, mmoja wetu akauliza, "Huyu anatuomba kazi ama anatupatia?"

"Wewe nyamaza," Mathe akasema. "Tangu uzaliwe nani amewahi kukuomba kitu?"

Hata mimi nilicheka.

Asubuhi ile Mathe alituambia kwamba katoni za Uganda ni ishirini na tano tu, kwa kuwa ndivyo karatasi zinavyosema. Nilimsikia vizuri. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikifunga, na mkono wangu ulikuwa umefanya jambo moja kwa miaka miwili. Kila nilipofika kwenye tepu, ulichukua kipande kimoja zaidi na kukilaza. Sikukumbuka hadi lori lilipokuwa limeondoka.

Mpakani Malaba walifungua katoni chache, wakakuta sabuni zaidi ya zilizoandikwa. Lori likazuiwa siku tisa. Meneja akaja mwenyewe, akasimama mbele ya meza yetu.

"Naomba kuelewa," akasema.

Mathe akamweleza habari ya nyongeza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hata kwetu tunaongeza," akasema. "Lakini mpakani huo ni mzigo uliofichwa, na mimi lazima niwaandikie wakubwa jina. Nani alifunga?"

Nilijua nikisema nitarudi nyumbani bila kazi. Mama hakuwa amepata kibarua cha kufua kwa muda mrefu, na kodi ya chumba chetu cha Mashimoni ilitoka kwenye kazi yangu. Nilisubiri mdomo wangu ufunguke. Haukufunguka.

"Mimi ndiye mkuu wa meza," Mathe akasema.

"Sijauliza hilo, mama."

"Ndilo nimekujibu."

Mathe akaondoka kazini siku hiyo hiyo. Alikunja aproni yake, akaiweka kwenye kiti, akatoka. Kesho yake niliambiwa nikae kwenye kiti hicho. Nilidhani nitalia njiani kurudi. Nilivuka Barabara ya Ngong, nikanunua sukuma, nikapika, tukala.

Baada ya miezi miwili meneja akaongea nasi kwenye simu. Sabuni za nchi zote tatu zingepangwa Uganda, kwa mashine inayohesabu yenyewe, na za Kenya zingeletwa zikiwa tayari. Hakulaumu lori letu. Alisema mpango huo ulikuwepo tangu zamani, kwa kuwa sasa mpaka ni kama haupo. Akatuomba msamaha mara mbili.

Jumapili nilikwenda kwa Mathe. Alikuwa mlangoni pake akichagua maharagwe. Akanisukumia kiti kwa mguu.

"Ni mimi niliyefunga zile katoni," nikasema.

"Najua. Si nilikuwa nimekaa kando yako."

"Sikusema."

"Hukusema." Akatupa jiwe dogo uani. "Mmebaki wangapi sasa?"

"Hakuna. Mwisho wa mwezi tunatoka wote. Kazi inahamia Uganda."

Mikono yake ikasimama. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Ningejua," akasema, "ningekutaja."

Hakucheka. Akanimwagia maharagwe kidogo kwenye sinia, nami nikaanza kuchagua.