Bustani Niliyoing'oa kwa Mikono Yangu

Kundi letu la wapenda bustani liko kwenye simu, na wengi wetu ni wanawake waliostaafu. Mwezi uliopita mmoja alitaka kila mtu aeleze habari ya picha aliyoiweka kwenye jina lake. Wengine walieleza vizuri sana. Mmoja ameweka waridi alilopanda wiki aliyomzika mumewe, mwingine malenge lililomshinda kubeba. Ilipofika zamu yangu, mtu akauliza kama picha yangu ilipigwa makaburini. Simlaumu. Inaonyesha mwanamke kijana aliyevaa gauni la kanisani, amesimama katikati ya udongo uliofukuliwa, hakuna hata jani moja karibu naye, na anacheka. Kwenye simu niliandika sentensi mbili tu kwa sababu vidole vyangu huchoka upesi. Hapa nitasema yote.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimeolewa Gatitu, pale nje kidogo ya mji wa Nyeri. Mume wangu alifanya kazi Nairobi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hivyo siku nyingi tulikuwa mimi, watoto wawili na mama mkwe, ambaye nilimwita Cucu, yaani bibi, kama watoto walivyomwita. Cucu alinipa kipande cha mteremko nyuma ya nyumba ambacho hakuna mtu mwingine aliyekitaka. Kilikuwa mawe na magugu. Nilikaa misimu minne nikikikata ngazi kwa ngazi, na kila ngazi nikaizuia kwa mawe niliyoyatoa mtoni, nimeyabeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Alama ya mkanda ule bado ninayo, ukitazama vizuri.

Juu nilipanda sukuma wiki na spinachi, katikati karoti na dania, na ngazi mbili pana zikawa za liki, vile vitunguu vya shina refu. Liki zangu zilikuwa nene kama mkono wa mtoto, nyeupe hadi nusu, kwa sababu nilikuwa nazifukia udongo kila wiki. Chini kabisa, penye maji, kulikuwa na nduma, ambazo wengine huziita magimbi. Mbegu ya nduma hizo alinipa mama yangu mzazi mwaka mmoja kabla hajafariki. Zilikuwa kavu, zenye unga, na majani yake yangeweza kumfunika mtoto asilowe.

Nilikuwa katika kikundi cha akina mama cha pale kijijini. Mwenyekiti wetu alikuwa mwanamke mrefu, msemaji mzuri, aliyejua kuongea na watu wa ofisi. Yeye mwenyewe hakuwa na bustani. Alikuwa na nyasi za napier za kulisha ng'ombe na miti miwili ya maparachichi.

Mwezi wa nane, dada yangu aliyeolewa Mwea akashikwa na malaria vibaya, na mpunga wao ulikuwa unataka mikono. Nilikwenda nikakaa naye wiki mbili. Niliporudi nilipita nyuma ya nyumba kabla hata sijatua mfuko. Ngazi ya kwanza ya liki ilikuwa imekanyagwa. Kulikuwa na alama za viatu vya visigino, na liki kama kumi zimeng'olewa.

"Cucu, nani alikuwa huku?"

"Ni mwenyekiti wenu. Alikuja na yule mtu wa kupiga picha. Nikawapikia chai."

"Walitaka nini?"

"Ati wanapiga picha ya kikundi."

"Ya kikundi? Na wengine walikuwa wapi?"

Cucu akaendelea kuchambua maharagwe yake. "Mimi sikuuliza. Mtu mkubwa akikuja kwako unamuuliza maswali?"

Nilijiambia liki kumi si kitu cha kugombania.

Mwezi wa kumi na mbili kalenda zikaja. Zilichapishwa na shirika moja lililokuwa linasaidia vikundi vya akina mama, na zilikuwa za karatasi moja kubwa, picha juu, miezi yote chini yake. Zilipewa kila mwanachama, na zilizobaki zikagawiwa madukani. Nilifungua yangu pale pale kwenye mkutano. Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye ngazi yangu, kilemba kipya kichwani, jembe langu mkono mmoja na liki zangu zimekumbatiwa kwa mwingine. Nyuma yake yalionekana majani ya nduma za mama yangu. Chini waliandika jina lake lote, na maneno kwamba huyu ndiye mkulima bora na hii ndiyo bustani yake.

Niliinua macho. Wanawake wote waliijua bustani ile. Wengine walikuwa wamekula mboga zake. Wakakunja kalenda zao, wakaanza kuzungumza juu ya harusi ya Jumamosi.

Kwa kweli sijui kama ningekasirika hivyo kama ingekuwa picha ya kuwekwa kabatini. Lakini kalenda hukaa ukutani mwaka mzima. Ilikuwa buchani, ilikuwa kwa kinyozi, ilikuwa kwenye ofisi ya bwana shamba. Nilikwenda mtaa wa Skuta kumpelekea mtu dania, nikamkuta mwenyekiti ukutani kwake, anacheka na liki zangu. Na Cucu naye akaitundika sebuleni, juu ya redio. Nilipomwomba aitoe aliniambia, "Si ni shamba yetu inaonekana? Mimi naona ni heshima." Kila asubuhi nikikoroga uji, yule mwanamke alinitazama. Mwezi wa pili nilikuwa nimeacha kulia. Nilikuwa nangoja. Sikujua nangoja nini, ila nilikuwa na hakika kitakuja.

Kilikuja mwezi wa tano, mvua ndefu ilipokuwa inapungua na bustani imejaa kuliko wakati wowote. Mwenyekiti alifika kwangu Jumanne mchana na pakiti mbili za sukari.

"Dada yangu," akasema. Hakuwahi kuniita dada. "Wale watu wa kalenda wanakuja Ijumaa. Wanataka kuona shamba. Wakifurahi, kikundi kitapata tangi ya maji."

"Shamba gani?"

Akacheka kidogo. "Usiwe hivyo. Unajua ile picha ilipigwa haraka haraka. Wewe hukuwa. Sasa mimi naomba tu siku moja. Nitawaleta, watazame, waende. Wewe unaweza kukaa hapa jikoni upike chai."

"Na wakiuliza ni ya nani?"

"Si nitaongea mimi? Ni kwa faida yetu wote."

Nilimtazama mikono. Ilikuwa laini. Nikapokea ile sukari.

"Karibu Ijumaa," nikamwambia. "Mtaikuta."

Alhamisi nilipeleka watoto shule, nikarudi, nikachukua jembe na uma wa kuchimbia. Nilianza saa tatu asubuhi. Nilianza na liki kwa sababu ndizo nilizozipenda zaidi, na niliogopa nikianza na nyingine nitachoka na kuzionea huruma. Nilizing'oa moja moja. Baadaye karoti, hata zile nyembamba kama kidole. Sukuma wiki nilizikata shina na kuchimba mizizi. Cucu alisikia, akaja, akasimama juu ya mteremko akishika kichwa.

"Wewe! Umerogwa?"

"Hapana, Cucu. Navuna."

"Nani huvuna hivyo? Hiyo ni chakula ya watoto wako!"

"Watakula kwa mwenyekiti. Si ndiye mwenye bustani?"

Aliniita majina ambayo sitayaandika, kisha akarudi ndani. Kufika saa nane nilikuwa nimebakiza nduma tu. Nilikaa kando ya maji nikazitazama. Ningeweza kuziacha. Lakini majani yake yalikuwa kwenye kalenda, kila mtu angeyatambua, na sikutaka mgeni yeyote aonyeshwe hata kitu kimoja na kuambiwa, "Hii ndiyo ile." Nikachimba. Mboga nilizigawa barabarani kwa yeyote aliyepita, waendao sokoni na wapeleka maziwa, hadi mifuko ikaisha. Zilizobaki nilimwekea ng'ombe wa Cucu. Alikula liki hadi maziwa yakanuka kitunguu siku tatu, na Cucu akalazimika kuyanywa hivyo hivyo.

Ijumaa nilivaa gauni langu la kanisani. Sikupika chai. Nilikwenda nikasimama katikati ya bustani nikawangoja.

Wageni walikuwa watatu, wanawake wawili wazungu na ofisa wa kike kutoka Nairobi. Mwenyekiti alitangulia, kilemba kile kile kichwani, na nyuma yao alikuja mpiga picha na kundi zima la akina mama. Nilisikia sauti yake ikieleza jinsi alivyobeba mawe kutoka mtoni. Kisha akapita kona ya nyumba, akasimama, na maneno yakamkatikia mdomoni.

Mgeni mmoja alikuwa na kalenda mkononi. Akaitazama, akatazama kilima cha ng'ambo, akatazama paa la nyumba. Akamwambia ofisa kitu, na ofisa akasema, "Anasema mahali ni hapa hapa. Mimea iko wapi?"

"Wezi," mwenyekiti akasema. "Wamekuja wakaiba yote. Siku hizi watu ni wabaya."

"Hakuna mwizi," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nimeng'oa mimi, jana, mchana, watu wakiona. Hii ni shamba yangu. Huyu mama alikuja hapa nikiwa Mwea, akang'oa liki zangu, akapigwa picha nazo. Shamba yake iko kule chini. Iko na napier. Mpelekeni awaonyeshe."

Ofisa alimgeukia mwenyekiti. "Mama, hiyo ni kweli?"

Mwenyekiti akatazama wanawake wa kikundi, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa akatazama chini. Walifanya vile vile walivyonifanyia mimi siku ya kalenda. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ilikuwa ni ya kikundi," na hakuna aliyemuunga mkono.

Wakati huo ndipo nilipomwita mpiga picha. "Wewe. Siku ile ulipiga shamba bila mwenyewe. Leo piga mwenyewe bila shamba."

Alisita, akamtazama mwenyekiti, kisha akainua kamera. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeshiba. Siwezi kueleza kwa njia nyingine. Zaidi ya wiki tatu zilipita kabla ya filamu yake kuisha na picha kusafishwa. Aliileta mwenyewe, hakutaka malipo.

"Siku ile nilimwambia tungoje mwenye shamba," akasema mlangoni.

"Ungeniambia mimi," nikamjibu, nikafunga mlango.

Tangi ilipelekwa kwa kikundi kingine, upande wa Karatina. Mwenyekiti aliondolewa kwenye kiti mkutano uliofuata, na mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Lakini wale akina mama hawakunisamehe mimi pia. Nilipojifungua mtoto wa tatu mwaka uliofuata, nilingoja waje na kuni na uji kama desturi yetu ilivyo. Nilisikia wanawake wengine waliojifungua wakiimbiwa kwenye nyumba za jirani. Kwangu alikuja mmoja tu, mama aliyekuwa anauza mandazi kwenye steji ya matatu. Aliweka mzigo wake wa kuni chini, akambeba mtoto, akasema, "Tungekuwa na tangi sasa."

"Mngekuwa na tangi," nikasema, "na ufunguo angeshika yeye."

Akafikiri kidogo. "Ni kweli. Lakini maji tungekunywa."

Mume wangu naye, alipopata habari ya bustani, alikaa miezi miwili bila kuja nyumbani, na tulinunua mboga msimu mzima, mimi niliyekuwa nikiwapa watu bure. Na nduma za mama yangu hazikurudi. Nilipanda tena vichwa vichache nilivyookoa, vikaoza, maana nilikuwa nimevikata vibaya kwa hasira. Nimepanda nyingine nyingi tangu hapo, nyingi zao zina maji mengi na hazina ladha. Hilo ndilo ninalojutia. Mengine nimejaribu kuyajutia, kanisani hata kwa kupiga magoti, na sijaweza.

Mara ya mwisho kumwona mwenyekiti ilikuwa miaka ile ile ya tisini ikielekea kwisha, sokoni Nyeri mjini. Nilikuwa natafuta miche ya liki. Alikuwa ameketi kwenye gunia, kumbe siku hizi anaotesha na kuuza miche. Ilikuwa mizuri, imenyooka, mizizi yake imefungwa na udongo mbichi ndani ya majani ya mgomba. Kucha zake zilikuwa nyeusi. Aliniona kabla sijageuka.

"Hii ni ya kwangu," akasema. "Nimeotesha mwenyewe." Halafu, akinyoosha fungu la miche, "Mimi nilitaka picha tu. Sikuwa nimewahi kuchaguliwa kwa kitu chochote."

Ningeweza kusema neno. Watu wazuri wangesema. Nilihamia kwa mwanamke wa pembeni yake, ambaye miche yake ilikuwa imelala, ya manjano manjano, na nikanunua kwake mafungu matatu huku mwenyekiti akitazama. Nusu yake ilikauka kabla ya wiki mbili. Nilirudi sokoni nikanunua mingine, kwa yule yule wa pembeni.