Bibi Alivyomnyima Baba Radhi ya Hija

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na nikiikumbuka nacheka peke yangu: siku baba yangu alipokuja kumuaga bibi, mama yake mzazi, kabla ya kwenda Hija. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya mtaa wetu wa Mfaranyaki yameanza kujaa vitu, na korosho za baba kule Tunduru zilikubali sana. Nyumba nzima tulikuwa hatushikiki! Mimi nilishaanza kujiita binti Alhaji kabla baba hajapanda hata basi.

Desturi yetu unaijua. Anayekwenda Makka huzunguka kuomba msamaha kwa ndugu na majirani, na radhi ya mzazi ndiyo ya kwanza. Baba akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Naomba radhi yako."

"Marahaba. Sindano umechoma?"

Redio ilikuwa imetangaza kwamba kule kumezuka homa ya uti wa mgongo, mahujaji wachanjwe mapema. Baba akacheka.

"Nitachoma Dar es Salaam, mama, siku ya ndege. Sasa hivi nina watu wa kuaga mpaka Tunduru."

"Basi radhi sina," bibi akasema, akaendelea kupeta mchele.

Tukapigwa na butwaa. Hija bila radhi ya mama! Baba alikasirika, akasema mlinzi ni Mungu.

"Najua, baba," bibi akamwambia mwanawe. "Lakini hospitali nimeuliza, dawa haishiki siku hiyohiyo. Nikikuachia uende hivi, ukanifia huko, mimi nitamwomba nani radhi?"

Baba akainuka, akaondoka. Kesho yake alirudi amekunja shati mpaka begani, mkono una alama ya sindano. Bibi akaushika ule mkono, akalia, akampa radhi zote. Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje! Baba alikwenda, akarudi mzima.

Basi, mwanangu, ukisikia homa hiyo iko unakokwenda, usiiache chanjo hadi siku ya kufunga begi. Nenda hospitali mapema, angalau siku kumi kabla, na kadi uitunze. Hata ukiwa umechanjwa, homa ikikushika, kichwa kikauma na shingo ikakakamaa, usingoje kuche. Kimbilia hospitali.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njia nzima, akurudishe mlangoni kwangu ukipiga hodi kwa sauti yako mwenyewe. Amina.