Kiti Mbele ya Mkwe

Miaka ya hamsini, meneja wa kinu cha mpunga pale Ifakara, Mzungu mwenye shingo nyekundu na maneno mengi, alitafuta karani wa ghala. Badala ya kuulizia nani anajua kusoma mizani, alijifungia wiki nzima kupanga usaili. Wiki nzima, jamani! Mpishi wake, jirani yetu wa Lipangalala, alinimegea siri: mbele ya meza kutakuwa na kiti kitupu, na hakuna atakayekukaribisha. Ukiketi mwenyewe na kumkazia meneja macho, basi unajiamini, kazi yako. Ukibaki umesimama, wewe goigoi.

Makubwa haya! Mtu wa kupima magunia apimwe kwa makalio.

Lakini kazi ile niliitaka kufa na kupona. Baba wa binti niliyempenda alishasema mwanawe haolewi na mtu wa jembe. Nipate mshahara kwanza, ndipo nilete posa. Basi nikafua shati, nikaazima viatu vilivyonibana, na njia nzima nikawa najifunza moyoni kuketi kwa jeuri.

Naingia, nakuta wazee wawili wa mji wamekaa pembeni mwa meneja. Kumbe aliwaalika ili usaili uonekane wa haki. Na mmoja wao ni nani? Mkwe wangu mtarajiwa! Kwetu, mbele ya mkwe hata kukohoa unaomba radhi. Utaketi vipi hujaambiwa? Utamkodolea nani macho? Nikainama, "Shikamooni, wazee," nikabaki wima nikitazama viatu vya watu. Meneja akatikisa kichwa, akaita mwingine.

Nilichungulia dirishani. Kijana wa kijiji cha Kisawasawa aliingia bila salamu, akajitupa kitini, akakunja nne. Meneja nusura amkumbatie.

Nikajifariji kwamba kazi nimekosa, lakini mke nimempata. Wiki iliyofuata mkwe akaniita kwake. Nilikwenda natabasamu, mpumbavu mimi.

"Siku ile ulinifurahisha sana," alisema. "Adabu kama yako sijaiona kwa kijana yeyote mji huu."

"Asante, baba."

"Yule wa Kisawasawa hana hata chembe. Jana ameleta mshenga."

"Ukamfukuza, baba?"

"Nimfukuze karani? Nimepokea posa. Adabu yako nzuri, mwanangu, lakini binti yangu ataipika na nini?"